Vumbi na Moshi Vikitazamwa Kutoka Juu

Vumbi linalopeperushwa na upepo, na moshi wa nyika inayoungua, hugunduliwa na setilaiti kwa jinsi vinavyovuruga mwanga. Mwanga wa jua hushuka, hugonga ardhi, bahari au wingu, kisha sehemu yake hurudi juu. Ardhi yenyewe nayo, usiku na mchana, hutoa joto ambalo jicho la binadamu haliwezi kuliona lakini kifaa cha setilaiti hulipima. Chembe za vumbi au za moshi zikijiingiza katikati, mwanga hupungua mahali fulani, huongezeka mahali pengine, na joto linalopimwa hushuka kidogo. Mtaalamu husoma mabadiliko hayo. Kwa hiyo ile picha inayoonyeshwa kwenye taarifa ya habari, yenye utando wa kahawia juu ya bahari ya buluu, ni tafsiri ya vipimo, na kama tafsiri nyingine yoyote huweza kumpotosha asiyejua imetoka wapi.

Setilaiti zinazofanya kazi hiyo ni za namna mbili. Za kwanza ziko mbali sana, kilomita 35,786 juu ya ikweta. Kwa umbali huo huzunguka sambamba na dunia, hivyo huonekana kama zimetundikwa mahali pamoja. Meteosat za Ulaya, zinazoendeshwa na shirika la EUMETSAT, ni za kundi hili. Moja imetundikwa juu ya Ghuba ya Guinea, kwenye longitudo ya 0. Nyingine ilipewa kazi ya kuitazama Bahari ya Hindi: kuanzia 2016 ilikaa nyuzi 41.5 mashariki, karibu sana na mpaka wa Kenya na Somalia, na tangu 2022 kazi hiyo inafanywa na mwenzake aliye nyuzi 45.5, juu ya bahari mashariki ya Kismayu. Mkazi wa Lamu anayo karibu utosini, ingawa hawezi kuiona. Hupiga picha kila baada ya dakika 15, yaani picha 96 kwa siku.

Setilaiti za namna ya pili hupita chini zaidi, kilomita 700 au 800 hivi, zikikata kutoka ncha moja ya dunia hadi nyingine. Terra, iliyorushwa 1999, na Aqua, iliyorushwa 2002, zote za Marekani, zimebeba kifaa kiitwacho MODIS chenye chaneli 36, yaani kinaupima mwanga katika vipande 36 vya rangi na joto. Suomi NPP na ndugu zake waliofuata wamebeba VIIRS. Hizi huona vitu vidogo zaidi, lakini hupita mahali pamoja mara chache tu kwa siku. Anayetaka kujua wingu la vumbi limeanzia wapi na linaelekea wapi hutegemea zile za mbali; anayetaka kujua kijiji gani kimefunikwa hungoja zile za karibu zipite.

Juu ya bahari vumbi halifichiki. Maji mengi yakitazamwa kutoka juu ni meusi, na vumbi juu yake hung'aa. Mabaharia walilifahamu zamani kabla ya setilaiti: Charles Darwin alilikusanya karibu na visiwa vya Cape Verde mwaka 1832, likiwa limeidondokea meli, na mwaka 1846 akaliandikia makala ya kisayansi. Juni 2020 wingu la vumbi la Sahara lilivuka Atlantiki likiwa zito kiasi kwamba anga ya visiwa vya Karibi ilipauka, na watu waliweza kulifuata kwenye picha siku baada ya siku kutoka pwani ya Afrika Magharibi hadi Marekani.

Taabu huanzia nchi kavu. Vumbi la jangwani juu ya mchanga wa jangwani lina rangi ile ile, na picha ya kawaida haionyeshi kitu ila ukungu usio na mipaka. Hapo ndipo joto linapoingia kazini. Chembe za vumbi, kwa sababu ya madini yaliyomo, humeza mionzi ya joto kwa namna isiyo sawa. Katika urefu wa mawimbi wa maikromita 10.8 humeza zaidi kuliko katika maikromita 12. Mvuke wa maji hufanya kinyume chake. Hivyo vipimo viwili vya joto la mahali pale pale, vilivyochukuliwa dakika ile ile, vikitolewa kimoja kutoka kwa kingine, jibu huwa na alama moja pakiwa na hewa safi na alama nyingine pakiwa na vumbi. Ni hesabu ya kutoa, ya darasa la pili, na ndiyo iliyofungua mlango.

Wataalamu wa Ulaya waliichukua hesabu hiyo, wakaongeza chaneli ya tatu ya maikromita 8.7, ambako mchanga wenye madini ya kwazi (quartz) hutoa joto hafifu, na kila jibu wakalipa rangi: nyekundu, kijani na buluu. Matokeo yake ni picha isiyofanana na kitu chochote duniani. Jangwa mchana huwa la buluu iliyopauka. Mawingu mazito huwa mekundu ya matofali, na mawingu membamba ya juu huwa karibu meusi. Vumbi huwa la waridi iliyokolea, waridi ya khanga mpya, na hakuna kingine katika picha nzima kinachopata rangi hiyo kwa urahisi. Faida yake kubwa ni kwamba haihitaji jua. Usiku waridi hiyo huelekea zambarau, lakini vumbi huendelea kufuatwa.

Mahali pazuri pa kulitazama hilo ni Bodélé, bonde lililo kaskazini mwa Chad. Zamani lilikuwa kitako cha ziwa kubwa mno, ambalo Ziwa Chad la leo ni kibaki chake tu. Ziwa lilipokauka liliacha tabaka la maganda meupe ya mimea midogo ya majini isiyoonekana kwa macho. Maganda hayo ni mepesi na huvunjika upesi. Kaskazini magharibi ya bonde imesimama milima ya Tibesti, mashariki yake milima ya Ennedi, na upepo wa kaskazini mashariki unaopita kati yake hubanwa kama maji kwenye mfereji mwembamba. Vumbi huruka hapo takriban siku 100 kwa mwaka, hasa miezi ya kiangazi cha Sahel, na watafiti wengi wanaihesabu Bodélé kuwa chanzo kikubwa kuliko vyote vya vumbi duniani.

Siku moja ya Januari huenda hivi. Alfajiri picha huwa shwari na bonde halitofautiani na jangwa linalolizunguka. Upepo wenye nguvu upo, lakini uko juu, mita mia kadhaa, ukiteleza juu ya hewa baridi iliyolala ardhini. Jua likichomoza, ardhi hupata joto, hewa ya chini huanza kupanda na kuchanganyika na ya juu, na ule upepo huvutwa hadi chini. Kwenye picha ya saa tatu au nne asubuhi huonekana nyuzi mbili au tatu za waridi, nyembamba, zimelala sambamba, kila moja ikianzia mahali pake. Dakika 15 baadaye zimerefuka. Kufikia saa sita zimeungana kuwa ulimi mmoja mpana unaoelekea Niger na Nigeria. Hapo mtazamaji hahitaji tena rangi imwambie kitu: wingu la kawaida huzaliwa na kufa mahali popote, lakini vumbi lina mkia, na mkia ukifuatwa nyuma hufika penye chanzo. Mwendo ni shahidi mzuri kuliko rangi.

Rangi, hata hivyo, husaliti. Hewa yenye unyevu mwingi huivuta ile hesabu ya kutoa kuelekea upande wa hewa safi, na waridi hufifia ilhali vumbi lipo tele. Hivyo wakati wa mvua za Sahel, vumbi linalorushwa na upepo wa radi, ule unaoitwa habubu nchini Sudan, huweza kuonekana kama uzi mwembamba tu wa upinde kwenye picha, huku mjini Khartoum mtu haoni nyumba ya jirani. Anayeitazama picha moja bila kuangalia iliyotangulia hupitwa.

Njia nyingine ilipatikana kwa bahati. Setilaiti ya Nimbus-7, iliyorushwa 1978, ilibeba kifaa cha kupima ozoni kwa kutumia mionzi ya urujuanimno. Katika hesabu za ozoni palikuwa na mabaki yasiyoeleweka, tofauti kati ya mwanga uliotarajiwa na uliopimwa. Miaka ya 1990 ilibainika kwamba mabaki hayo, yakichorwa kwenye ramani, yanafuata vumbi la Sahara na moshi wa misitu inayoungua. Kilichohesabiwa kuwa kasoro kikageuka kipimo. Sifa yake ni kwamba katika urujuanimno hata mchanga wa jangwa ni mweusi, kwa hiyo vumbi halina pa kujificha, na moshi ulio juu ya mawingu nao huonekana. Kipimo hicho bado kinatumika, siku hizi kupitia kifaa cha TROPOMI kwenye setilaiti ya Sentinel-5P ya mwaka 2017.

Moshi ni habari tofauti. Chembe zake ni ndogo, nyingi chini ya maikromita moja, ilhali za vumbi huzidi hapo mara kadhaa. Mawimbi marefu ya joto huzipita chembe hizo ndogo kana kwamba hazipo. Ndiyo maana moshi unaoziba bonde zima kwenye picha ya mchana hutoweka kabisa kwenye picha ya joto ya saa ile ile, na kutoweka huko ndiko kunakoutambulisha: kinachoonekana kwa mwanga na kisichoonekana kwa joto, hakielekei kuwa wingu wala vumbi zito. Moshi huonekana vizuri zaidi asubuhi na jioni, jua likiwa chini, kwa kuwa chembe ndogo hupenda kuusukuma mwanga mbele. Mtabiri anayeifahamu kazi hii hutazama picha za saa kumi na mbili na nusu asubuhi kabla ya kunywa chai.

Moto wenyewe hutafutwa kwa chaneli nyingine, ya karibu maikromita 4. Mwali wa moto hung'aa mno hapo, kiasi kwamba hata ukiwa sehemu ndogo tu ya eneo linalopimwa hulipandisha eneo zima. MODIS hupima vipande vya kilomita moja kwa moja, lakini hugundua kwa kawaida moto wa mita za mraba 1,000, robo ekari hivi. VIIRS hupima vipande vya mita 375 na hugundua midogo zaidi. Matokeo hutolewa bure kwa mtandao wa FIRMS wa shirika la NASA, kwa sehemu nyingi za dunia ndani ya saa 3 tangu setilaiti ipite.

Waswahili husema pafukapo moshi pana moto. Kwenye picha za setilaiti methali hiyo inahitaji subira. Moto wa chini ya miti mikubwa huweza kuungua siku nzima bila doa hata moja kwenye ramani, na moshi unaoonekana baharini huweza kuwa wa moto uliozimika juzi. Ramani ya madoa mekundu nayo ina mtego wake. Doa huchorwa kubwa ili lionekane. Haliwakilishi ukubwa wa mwali. Agosti 2019, dunia ilipokuwa ikililia msitu wa Amazon uliokuwa ukiungua, ramani hizo zilionyesha Angola na Kongo zikiwa zimefunikwa na madoa kuliko Brazili, na wengi wakauliza kwa nini Afrika haizungumzwi. Swali lilikuwa la haki lakini halikuzingatia kinachoungua. Sehemu kubwa ya mioto ile ya Afrika ni ya nyasi na mashamba yanayoandaliwa, ambayo huota tena mvua ikinyesha. Amazon palikuwa na miti iliyokatwa, ikakaushwa na kutiwa moto. Doa moja jekundu ni sawa na jingine. Mti na nyasi si sawa.

Afrika ndilo bara linaloongoza kwa eneo linaloungua kila mwaka. Kusini mwa ikweta msimu huanza Juni na kuendelea hadi Oktoba, ukihama polepole kutoka magharibi kwenda mashariki, na ukanda wa miombo wa Kongo ya kusini, Zambia, Msumbiji na magharibi ya Tanzania umo ndani yake. Mkazi wa Tabora au Mpanda anaujua kwa jua jekundu la jioni. Moshi mwingi huelekea magharibi, hutoka juu ya Angola na kuelea juu ya mawingu meupe ya chini ya Atlantiki, hadi kisiwa cha Ascension. Hapo hutokea jambo ambalo linawashughulisha wanasayansi sana: moshi juu ya bahari nyeusi huirudisha nuru na kupoza, lakini moshi ule ule juu ya wingu jeupe huimeza nuru na kupasha joto. Ndege za utafiti za NASA zilitumwa huko kati ya 2016 na 2018 kupima tofauti hiyo.

Mara chache mkondo hugeuka. Septemba 2000, wakati wa utafiti mkubwa ulioitwa SAFARI 2000, moshi wa kusini mwa Afrika ulikusanywa na pepo ukawa ukanda mzito uliopita juu ya Afrika Kusini na kumwagikia Bahari ya Hindi. Watafiti waliuita mto wa moshi. Kwenye picha ulionekana kweli kama mto, wenye kingo.

Januari na Februari, kaskazini mwa ikweta, vumbi na moshi hukutana. Vumbi la Bodélé hushuka na upepo wa harmattan hadi nchi za Ghuba ya Guinea wakati ule ule nyika za huko zinapochomwa. Kutoka juu ni utusitusi mmoja. Kuutenganisha huhitaji kujua kila kimoja kiko kimo gani, na picha, hata iwe nzuri vipi, ni bapa. Dawa yake ni lida: setilaiti hurusha mwali wa leza chini na kuhesabu muda ambao mwangwi wake huchukua kurudi. CALIPSO, iliyofanya kazi tangu 2006 hadi 2023, ilionyesha anga kama keki iliyokatwa, tabaka juu ya tabaka. Vipimo vya ndege karibu na Niamey mwaka 2006 vilikuta mpangilio huo huo: vumbi limelala chini, moshi umepanda juu yake. Vumbi la madini lina chembe zenye pembe, za moshi ni za mviringo zaidi, na mwangwi wa leza huitambua tofauti hiyo.

Vipimo vya CALIPSO vya miaka 2007 hadi 2013 ndivyo vilivyotumiwa kukadiria kwamba tani milioni 182 za vumbi hutoka Afrika kila mwaka kuelekea Atlantiki, na tani milioni 27.7 kati yake huangukia bonde la Amazon, zikibeba tani 22,000 hivi za fosforasi. Vumbi la Afrika linarutubisha msitu wa Brazili. Hakuna mtu aliyesimama ardhini ambaye angeweza kulihesabu hilo.

Kimo kina uzito wake kwa afya pia. Anga huweza kuwa ya kijivu kabisa kwenye picha na watu chini wakapumua hewa nzuri, kwa kuwa moshi uko kilomita tatu juu. Kinyume chake, moshi wa mafiga jikoni unaomliza mpishi haufiki kwenye picha yoyote. Kwa sababu hiyo vipimo vya setilaiti hulinganishwa na vya ardhini. Mtandao wa AERONET, ulioanzishwa na NASA miaka ya 1990, una vipimajua katika mamia ya vituo, Mongu nchini Zambia kikiwa kimojawapo cha siku nyingi. Kipimajua hulielekea jua na kupima nuru iliyofika. Kwa kipimo chao, namba 0.1 ni hewa safi. Ikifika 1, nuru inayokuja moja kwa moja kutoka kwenye jua imebaki asilimia 37 tu. Mahali pasipo kituo, setilaiti huaminiwa kwa kukosa kingine.

Habari hizi hutumika kila siku. Rubani huambiwa uwanja uliozibwa: Februari 2020 vumbi la Sahara lilifunga viwanja vya ndege vya Visiwa vya Canary. Katika nchi za Ghuba ya Uajemi, upepo unaoitwa shamal, yaani wa kaskazini, neno lililozaa shemali ya Kiswahili, huzoa vumbi la bonde la Tigris na Frati kila kiangazi na kulisukuma hadi Kuwait na mbele yake. Mei 2022 maelfu ya Wairaki walikimbizwa hospitali kwa kubanwa na pumzi. Sahel, msimu wa vumbi ndio msimu wa homa ya uti wa mgongo, na utabiri wa vumbi huwasaidia wahudumu wa afya kujiandaa. Kituo cha Barcelona kilicho chini ya Shirika la Hali ya Hewa Duniani hutoa utabiri huo kwa Afrika ya kaskazini, Mashariki ya Kati na Ulaya. Idara za hali ya hewa za Afrika Mashariki, kama karibu zote za bara hili, zilipata madishi ya kupokea Meteosat kupitia mradi wa PUMA mwanzoni mwa miaka ya 2000. Moto ulipozuka Kilimanjaro Oktoba 2020, madoa yake yalikuwa kwenye ramani za dunia nzima huku waliokwenda kuuzima wakipanda mlima kwa miguu.

Terra na Aqua zimezeeka na mafuta yao yanakaribia kwisha. Saa zao za kupita zinasogea mwaka hadi mwaka. Meteosat ya kizazi cha tatu, iliyorushwa Desemba 2022, ina chaneli 16 badala ya 12, hupiga picha kila dakika 10, na chaneli yake ya moto imetengenezwa isizidiwe na mwali mkali. Imewekwa longitudo ya 0, hivyo Afrika Mashariki inaiona kutoka ubavuni. Utosini, mashariki ya Kismayu, bado ipo ile ya kizazi cha pili, na dakika zake 15.